Oda zimejaa, fedha hakuna: somo la fundi wa hotirodi kwa karakana za Nansio

SOMO LA SOKO
Na Mwandishi Wetu, Nansio

Bei ya dagaa, machungwa na mihogo tumezoea kuijadili katika ukurasa huu. Wiki hii tunaiweka kando kidogo ili tumwangalie mtu ambaye bila yeye bidhaa hizo zingepata taabu kutoka gatini kufika sokoni. Huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Nansio ni makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, na Ukerewe ni kisiwa. Shiti la bati, bomba la chuma, engo, vijiti vya kuchomelea na diski za grinda, vyote huvuka maji kabla ya kumfikia fundi, ama kwa meli kutoka Mwanza, ama kwa njia ya Bunda na kivuko cha kutoka Kisorya hadi Rugezi. Kwa hiyo fundi wa Nansio huanza kazi akiwa na gharama ambayo mwenzake wa Mwanza mjini hana. Hata hivyo wateja hawakosi. Huyu anataka toroli, yule anataka keria ya pikipiki, mwingine anataka guta lake lirefushwe libebe magunia mawili zaidi. Kila mteja ana vipimo vyake na kila mteja ana haraka yake.

Kazi ya namna hii, ya kuunda chombo kimoja kwa matakwa ya mteja mmoja, ina hatari ambayo wengi hawaioni mapema. Inaweza kumpa fundi jina kubwa huku ikimwacha bila mtaji. Daftari la oda linajaa, lakini fedha ya kununulia chuma cha kazi inayofuata haipo. Tatizo hilo halikuanzia Nansio. Limempata hata mmoja wa mafundi wenye jina kubwa kuliko wote katika uundaji wa magari ya oda huko Marekani, marehemu Boyd Coddington. Somo letu la leo ni maisha yake ya kazi, kisha tutapita Kenya, na mwisho tutarudi Nansio na kalamu na karatasi.

HOTIRODI NI GARI LA NAMNA GANI

Hotirodi ni gari la zamani lililovuliwa, likapunguzwa uzito na kuwekewa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari lenye injini ya V8 kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuimudu. Magari hayo yalipochakaa, vijana wa California waliyanunua kwa fedha kidogo, wakang'oa madigadi na kila kilichoonekana ni mzigo, wakaongeza nguvu ya injini na kwenda kushindana kwenye mabonde ya maziwa yaliyokauka. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, vijana wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa wamejifunza kazi za mashine, na shughuli hiyo ikapamba moto. Jarida la Hot Rod lilianza Januari 1948, na chama cha mashindano cha NHRA kikaundwa mwaka 1951.

Mfanyabiashara azingatie jambo moja hapa. Mwanzoni hotirodi ilikuwa kazi ya watu wasio na fedha. Mtaji wao ulikuwa gari chakavu na saa zao wenyewe za jioni. Miaka ilivyokwenda mambo yakageuka. Vijana wale walizeeka, baadhi yao wakatajirika, na wakawa tayari kumlipa fundi hodari fedha nyingi ili awaundie gari ambalo hakuna mtu mwingine analo. Chombo cha maskini kikawa chombo cha fahari. Soko jipya likazaliwa, na Coddington akaingia humo kwa wakati wake.

ZAMU YA AJIRA, KARAKANA YA NYUMBANI

Boyd Coddington alizaliwa tarehe 28 Agosti 1944 katika mji mdogo wa Rupert, jimbo la Idaho. Alianza kushika magari akiwa bado mvulana. Alisomea kazi ya kukereza vyuma, akapita uanagenzi kama ilivyo desturi ya fani hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia California. Huko aliajiriwa kuwa fundi wa mashine katika bustani ya michezo ya Disneyland. Kwenye zamu alitengeneza mashine za mwajiri, na nje ya zamu aliunda magari nyumbani katika gereji yake.

Hatua hii mafundi wengi huiruka, nayo ni ya maana sana. Kwa miaka hiyo mshahara wa Disneyland ndio uliokuwa mtaji wake. Hakuwa na pango la karakana la kulipa. Gari likimharibikia mikononi alipata hasara, lakini watoto hawakulala njaa, maana mwisho wa mwezi mshahara uliingia. Alijifunza kazi kwa gharama ya zamu yake, na wakati huohuo alijenga jina. Alipofungua karakana yake iitwayo Hot Rods by Boyd mwishoni mwa miaka ya 1970, katika eneo la Orange County, hakuwa akisubiri wateja. Wateja ndio waliokuwa wakimsubiri yeye.

Sifa ya magari yake ilikuwa usafi wa umbo. Vitasa vya milango vilifichwa, viungo vya bodi vilisawazishwa mpaka gari likaonekana limechongwa kutoka kitu kimoja, na sehemu nyingi ndogo zilichongwa kutoka mabonge ya alumini. Mwaka 1989 karakana hiyo ilitoa gari lililoitwa CadZZilla, lililotokana na Cadillac ya mwaka 1948, kwa ajili ya mpiga gitaa Billy Gibbons wa bendi ya ZZ Top. Mchoro wake ulitoka kwa Larry Erickson. Mwaka 1992 likafuata CheZoom, ambalo umbo lake lilirudia kwa namna mpya Chevrolet ya mwaka 1957. Magari yake yalichukua zaidi ya mara moja tuzo ya gari zuri kuliko yote la wazi katika maonyesho makubwa ya hotirodi ya California.

Sasa tuulize swali la kibiashara. Je, gari kama hilo lina faida gani kwa aliyeliunda? Bei yake ni kubwa, lakini saa za kazi zilizoingia ndani yake ni nyingi mno. Mchoro uliotumika kwa mteja mmoja hauwezi kuuzwa kwa mteja wa pili, kwa kuwa yule wa kwanza alilipa ili awe peke yake. Kila gari ni kuanza upya. Ukitaka kuongeza mapato huna budi kuongeza mafundi hodari, na mafundi hodari ni wachache, tena kila mmoja anaota kufungua karakana yake mwenyewe. Kwa lugha ya hesabu, biashara ya chombo kimoja kimoja haina unafuu wa wingi. Gari la 20 halikupunguzii gharama kama toroli la 20 linavyoweza kukupunguzia.

RIMU NDIZO ZILIZOLETA FEDHA

Coddington aliliona hilo. Katika magari yake kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila mtu alikiulizia, nacho ni rimu. Yeye na wenzake, akiwemo fundi mashuhuri John Buttera, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchonga rimu za alumini badala ya kuzimimina kwenye kalibu. Mwaka 1988 akaanzisha kampuni ya pekee ya rimu, Boyds Wheels.

Hapo biashara ilibadilika sura. Anayeweza kununua gari kama CadZZilla ni tajiri mmoja kati ya wengi. Anayeweza kununua rimu nne zenye jina la Boyd ni mtu yeyote mwenye gari na mshahara. Rimu huchorwa mara moja, mashine inayoongozwa na kompyuta huwekwa sawa mara moja, kisha kazi hurudiwa mara mia na mara elfu. Gari la fahari likawa tangazo, na rimu zikawa ndizo bidhaa. Watu waliona gari kwenye jarida, wakanunua rimu dukani.

Mwaka 1995 kampuni ya rimu iliuza hisa zake kwa umma kupitia soko la NASDAQ. Mtu aliyekuwa akichonga vyuma gerejini kwake nje ya zamu sasa alikuwa na wanahisa, viwanda, mikopo na taarifa za kila robo mwaka.

KILICHOTOKEA MWAKA 1998

Miaka mitatu baadaye kampuni ilifilisika. Wengi hudhani kampuni hufilisika kwa kukosa wateja. Boyds Wheels ilikuwa na jina na bidhaa zake zilitafutwa. Miongoni mwa mapigo yaliyoiangusha ni kufilisika kwa mteja mmoja mkubwa ambaye alikuwa akidaiwa. Mzigo ulikwisha kwenda, fedha haikurudi.

Msomaji aelewe vizuri namna jambo hili linavyofanya kazi. Ukiuza kwa mkopo, daftari linaonyesha mauzo na hata faida. Lakini chuma ulikwisha kukinunua, kibarua ulikwisha kumlipa, na benki inataka rejesho lake mwezi huu. Faida iko kwenye karatasi, fedha iko kwa mtu mwingine. Mtu huyo akianguka, anaanguka na wewe. Kadiri unavyokua haraka ndivyo fedha yako nyingi zaidi inavyokaa mikononi mwa wengine, na ndivyo pigo moja linavyotosha kukumaliza.

Pigo la pili lilikuwa la watu. Mchoraji wake hodari, Chip Foose, aliondoka katika kipindi hichohicho na kuanzisha kampuni yake, ambayo baadaye ilipata jina kubwa mno. Karakana ikifunga milango, mashine huuzwa kwa mnada, lakini ujuzi uliokuwa vichwani mwa mafundi hutoka nje kwa miguu na hauwezi kuzuiwa na mfilisi.

Coddington hakukata tamaa. Alifungua tena karakana, akarudi kwenye magari na rimu, na kuanzia mwaka 2004 karakana yake ikaonyeshwa katika kipindi cha televisheni kilichoitwa American Hot Rod. Jina lililonusurika kwenye ufilisi ndilo lililomrudisha sokoni. Lakini katika miaka hiyo alipata doa jingine. Mwaka 2005 alikiri mahakamani kosa la kuandikisha gari jipya lililoundwa karakanani kama gari la kale, jambo ambalo lilipunguza kodi na kukwepa masharti ya moshi. Tunalitaja kwa sababu hata kwetu fundi anayebadili chesisi au injini bila kushughulikia kadi ya gari anamwachia mteja matatizo barabarani, na jina linaloharibika ni la karakana.

Alifariki tarehe 27 Februari 2008 akiwa na umri wa miaka 63. Karakana haikuchukua muda mrefu ikafungwa. Kila kitu kilikuwa kimejengwa juu ya mtu mmoja.

JIRANI YETU KENYA

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Marekani, nchi ya matajiri. Basi tuje karibu.

Nchini Kenya, mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nchi hiyo. Mwaka 1990 magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, na yalitembea kweli. Lakini kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikupata fedha, na mradi ukafa. Kuunda gari moja ni ufundi. Kuunda la elfu moja kwa bei ambayo mtu atailipa ni jambo jingine kabisa.

Miaka 20 hivi baadaye akatokea Joel Jackson, Mwingereza aliyesomea kompyuta, ambaye alikwenda Kenya kufanya kazi na shirika la Komaza linaloshughulika na upandaji miti kwa wakulima wadogo wa pwani. Aliona jinsi barabara mbovu zinavyomzuia mkulima kufikisha mazao sokoni. Hakuwa mhandisi wa magari, lakini kwa msaada wa mafundi wa kuchomelea alianza kuunda gari rahisi lenye fremu ya mabomba ya chuma, lisilo na vikorokoro, la kupita njia za vijijini. Kampuni yake ikaitwa Mobius Motors, na gari la kwanza la majaribio lilikuwa tayari mwaka 2011. Mobius II ilipoingia sokoni katikati ya miaka ya 2010, bei yake ilikuwa chini kidogo ya shilingi milioni 1 za Kenya. Toleo jipya la mwaka 2019 lilianzia shilingi milioni 1.3.

Wazo lilikuwa zuri, ila mshindani wake alikuwa mkubwa. Huyo ni gari lililotumika kutoka Japani. Kwa fedha hiyohiyo Mkenya aliweza kununua gari lenye kiyoyozi, lenye viti laini, ambalo spea zake ziko kila mtaa na kila fundi analijua. Gari hilo Mjapani wa kwanza alikwisha kulilipia sehemu kubwa ya thamani yake, kwa hiyo linafika Mombasa au Dar es Salaam kwa bei ambayo kiwanda kipya, chenye gharama za kuanzia na idadi ndogo ya magari, hakiwezi kuifikia kwa urahisi.

Kampuni ikaamua kupanda juu. Mobius III, iliyotangazwa mwaka 2021, iliuzwa kwa zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya, bei ambayo mkulima aliyekusudiwa mwanzoni hakuweza kuifikiria. Agosti 2024 wakurugenzi walitangaza kwamba kampuni inakwenda kufilisiwa kwa sababu ya madeni, na siku chache baadaye ikaelezwa kuwa mnunuzi amepatikana. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Aliyeanza na gari la njia mbovu aliishia kushindana na makampuni makubwa ya dunia katika uwanja wao.

Hapa Tanzania moyo wa kujaribu upo pia. Shirika la Nyumbu la Kibaha lilianzishwa kwa ajili ya teknolojia ya magari, na Machi 2022 mchora katuni na mtangazaji Masoud Kipanya alionyesha jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa nchini. Tunawapongeza wote wanaothubutu. Ila kila anayethubutu anapaswa kujiuliza swali ambalo Mobius ilikutana nalo: mteja akiacha kununua kwangu, atanunua nini badala yake, na kwa bei gani?

Kwa fundi wa Nansio jibu ni la kutia moyo. Toroli la gatini, keria ya pikipiki na guta lililorefushwa haviletwi na meli kutoka Japani vikiwa vimelingana na njia na mzigo wa Ukerewe. Hapo fundi ana soko ambalo mgeni hawezi kumnyang'anya kirahisi. Anayeweza kumnyang'anya ni hesabu mbaya.

HESABU YA FUNDI WA NANSIO

Tumchukue fundi wa mfano. Namba zifuatazo ni za kujifunzia tu, kila mmoja aweke zake.

Toroli moja la chuma linamgharimu hivi: chuma sh. 190,000, magurudumu na beringi sh. 90,000, vijiti, diski na rangi sh. 30,000, usafiri wa melini sh. 10,000, na kibarua sh. 30,000. Jumla ni sh. 350,000. Analiuza sh. 400,000. Fundi anasema amepata faida ya sh. 50,000 na anafurahi.

Asifurahi mapema. Kila mwezi, aunde asiunde, analipa pango sh. 60,000, umeme sh. 50,000 na mlinzi sh. 40,000. Jumla sh. 150,000. Maana yake matoroli matatu ya kwanza ya mwezi yanafanya kazi ya kulipa pango, umeme na mlinzi. Toroli la nne ndilo la kwanza kumletea yeye chochote. Akitaka kujilipa sh. 200,000 kwa mwezi, ni lazima auze matoroli saba. Fundi anayeuza manne na kula kama aliyeuza saba, anakula mtaji.

Tuendelee. Mwezi huu amepata oda sita, na kila mteja ametoa nusu ya bei, yaani sh. 200,000. Mkononi ana sh. 1,200,000. Hajawahi kushika fedha nyingi hivyo, na mtaani anaonekana tajiri. Matoroli matatu kati ya hayo sita ni ya mteja mmoja mkubwa, mnunuzi wa dagaa, na kwa kuwa ni mteja mkubwa fundi anaanza na ya kwake. Anatumia sh. 1,050,000 kuyaunda. Zimebaki sh. 150,000.

Mteja mkubwa anayachukua na kusema salio la sh. 600,000 atalileta giza la mwezi likiingia na dagaa wakipatikana. Fundi anaona haya kumkatalia. Mwisho wa mwezi unafika, analipa pango, umeme na mlinzi, na zile sh. 150,000 zimekwisha.

Sasa tazama hali yake. Kwa daftari amefanya vizuri: ana oda sita, tatu zimekamilika, anadai sh. 600,000. Kwa mfuko hana hata senti. Wateja watatu waliolipa nusu wanasimama mlangoni kila asubuhi wakiuliza, na chuma cha matoroli yao hakijavuka maji. Anahitaji sh. 1,050,000 kuwatimizia. Hata mteja mkubwa akilipa leo salio lote, bado pengo ni sh. 450,000.

Wengi hapo hufanya kosa la mwisho. Humpokea mteja wa saba, wa nane na wa tisa, si kwa sababu ana nafasi ya kazi, bali kwa sababu anahitaji malipo yao ya awali ili kuwaunda wale wa nne, wa tano na wa sita. Anafukia shimo kwa kuchimba jingine. Siku mteja mpya asipotokea, simu inazimwa na fundi anahamia mji mwingine. Watu husema ni mwizi. Mara nyingi hakuwa mwizi. Alikuwa fundi mzuri aliyemkopesha mtu mmoja fedha za watu watatu.

Hicho ndicho kilichotokea California mwaka 1998, ila kwa tarakimu zenye sifuri nyingi zaidi.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, malipo ya awali yatoshe vifaa. Katika mfano wetu, vifaa na usafiri ni sh. 320,000, yaani asilimia 80 ya bei. Fundi anayedai nusu anamkopesha mteja kabla hata hajakata bomba la kwanza. Mteja akiona asilimia 80 ni nyingi, basi anunue vifaa mwenyewe na fundi alipwe ufundi wake. Utaratibu huo unajulikana kwa mafundi ujenzi, na hakuna aibu kuutumia kwenye vyuma.

Pili, fedha ya kila oda ikae mahali pake. Bahasha sita, au kurasa sita katika daftari, kila moja na jina la mteja. Fedha ya bahasha ya nne haigusi toroli la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tafuta "rimu" yako. Kitu kidogo, kinachofanana, kinachorudiwa, kinachouzwa taslimu. Kwa Nansio keria ya pikipiki inafaa sana. Fundi akijitengenezea kalibu moja ya kupindia na kushikilia mabomba, keria ya pili na ya mia zitalingana na zitachukua muda mfupi. Tuseme keria inagharimu sh. 24,000 na inauzwa sh. 30,000. Keria 25 kwa mwezi zinaleta sh. 150,000, yaani pango, umeme na mlinzi vyote vimelipwa. Kuanzia hapo faida ya kila toroli, hata la kwanza, ni ya fundi.

Nne, hata hiyo rimu usimkopeshe mtu mmoja kupita kiasi. Coddington aliinuliwa na rimu, na deni la rimu likawa miongoni mwa yaliyomwangusha. Kanuni rahisi ni hii: mteja yeyote asidaiwe fedha ambayo, ikipotea yote leo, karakana itafungwa kesho. Ukubwa wa mteja si dhamana. Mnunuzi mkubwa wa dagaa naye ana anayemdai.

Tano, usiache mshahara wa mchana mapema. Kijana mwenye kazi ya kuajiriwa, au mwenye shamba la mihogo linalolisha nyumba, aunde jioni mpaka wateja wamsubiri.

Sita, mfundishe mtu wa pili na umlipe vizuri. Karakana inayokufa na mwenyewe haikuwa biashara, ilikuwa ajira ya mtu mmoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Andika gharama zote za chombo ulichouza mwisho, pamoja na usafiri wa majini. Je, ulipata faida au ulipata mzunguko tu?

2. Gharama zako za mwezi zisizobadilika ni kiasi gani, na ni chombo cha ngapi kinachoanza kukulipa wewe?

3. Mteja wako mkubwa anadaiwa kiasi gani leo? Asipolipa kabisa, ni oda ngapi za wengine zitakwama?

Fundi ambaye hawezi kujibu swali la tatu bila kufungua daftari, alifungue leo jioni. Na ambaye hana daftari la kufungua, kabla ya kupokea oda nyingine, aanze kwa kulinunua.